Siku Bwana Unga Alipozima Mashine ya Watu

Kope za mzee yule zilikuwa nyeupe, na uzee haukuhusika. Tangu ujana wake alikuwa akiwasagia watu mahindi, na vumbi la unga lilihamia usoni mwake likagoma kuondoka. Aoge asioge, kope zilibaki vile vile. Watoto wa mtaani wakamwita Bwana Unga. Wazazi wao mwanzoni waliwakemea, baadaye wakacheka, mwishowe nao wakawa wanamwita hivyo hivyo, hata mkewe mwenyewe akawa anasikika uani, "Bwana Unga, chai inapoa!" Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho, likilala huko kwa amani.

Mashine yake haikuwa mojawapo ya hizi za kisasa zinazobwata kutwa nzima na kutoa unga uliochoka. Ilikuwa ya mawe mawili ya mviringo yanayotazamana, moja limetulia, jingine linazunguka, na mahindi hupita katikati. Kando yake palikuwa na gurudumu dogo la chuma la kusogezea mawe. Ukilikaza, unga hutoka laini. Ukilikaza kupita kiasi, mawe hugusana, na hapo utanusa moshi na kujua umejiletea balaa. Gurudumu hilo halikuguswa na mtu isipokuwa yeye. Mkewe hakuligusa. Wanawe wa kiume, kabla hawajatawanyika kutafuta maisha, hawakuligusa. Na kitindamimba wake, binti aliyebaki nyumbani, aliyekuwa akipima, akipepeta, akifagia na kubishana na wateja tangu alipomaliza shule, alikuwa ameliomba mpaka mdomo ukamkauka.

"Mashine haishikwi, mama, mashine inasikilizwa," baba yake alikuwa akimjibu. Alimwita mama kwa sababu binti alirithi jina la bibi yake, yaani mama mzazi wa huyo mzee. "Na wewe masikio yako ni ya redio."

Akiwa amekasirika aliongeza, "Siku nikiacha mimi, itauzwa chuma chakavu." Binti alikuwa mwanamke mzima mwenye akili zake timamu, na maneno hayo yalimkaa kooni kila aliposikia. Angewajibu wateja wote wa mtaa ule kwa ulimi mmoja, lakini kwa baba yake alichukua ufagio akaenda kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Ukutani palikuwa na sheria iliyoandikwa kwa rangi nyekundu: MAHINDI YENYE MAJI HATUSAGI. USIBEMBELEZE. Sheria hii ilizaliwa na kofi. Bwana Unga alipokuwa bado anajifunza kazi kwa mjomba wake, alimwonea huruma mwanamke aliyenyeshewa njiani, akamiminia mashine mahindi yake vile vile yalivyolowa. Yaligeuka donge likaganda kati ya mawe, mkanda ukateleza ukatoa moshi, mota ikaguna ikanyamaza. Mjomba alimzaba kofi kwanza, ndipo akauliza kumetokea nini. Kisha akampa msumari na kumwambia achokoe lile donge mpaka uso wa jiwe uonekane. Alichokoa huku akilia. Tangu siku hiyo, kwake yeye maji na mashine havikupikika chungu kimoja.

Masikio yalianza kumwacha kidogo kidogo, na kama ilivyo kwa waume wengi, wa mwisho kujua alikuwa mwenyewe. Alidai kuwa watu wa siku hizi wananong'ona. Alidai kuwa simu zinatengenezwa vibaya. Alianza kusaga peku, akisema viatu vinamchoma, na hakuna aliyelitilia maanani jambo hilo, maana mzee ana haki ya kuvua viatu vyake. Mkewe ndiye aliyefika mwisho wa uvumilivu.

"Naishi na ukuta," alimwambia binti yake. "Tena afadhali ukuta, haukoromi. Mpeleke mjini akapimwe. Na usimwache peke yake na daktari, atamdanganya."

Na kweli alimdanganya, au alijaribu. Daktari wa masikio, dada mmoja mpole mwenye miwani, alimketisha kwenye chumba kidogo chenye dirisha la kioo, akamvika vile vitu vya masikioni, akampa kitufe abonyeze kila akisikia mlio. Bwana Unga hakuhangaika na milio. Alimkazia macho daktari kupitia kioo, akagundua kuwa kila alipotuma mlio bega lake la kulia lilishuka kidogo. Bega likishuka, mzee anabonyeza. Alibonyeza kwa ufundi wa hali ya juu, na binti aliyekuwa amesimama mlangoni alikaribia kumshukuru Mungu. Ndipo daktari akatabasamu, akainuka, akakizungusha kiti cha mzee kikatazama ukuta. Bwana Unga akangoja mlio. Akangoja tena. Alingoja mpaka akaamini daktari ametoka kwenda kunywa chai.

"Baba," daktari alimwambia baadaye, akiwa amemkaribia uso kwa uso na kutamka neno moja moja, "hiyo mashine uiache. Sisemi upunguze. Uiache. Hayo masikio machache yaliyobaki ni ya kuzungumza na wajukuu."

Bwana Unga alitikisa kichwa na kutabasamu kama mtu ambaye hakusikia kitu. Lakini taya lilikuwa likimcheza, na binti akajua amesikia kila neno.

Walitoka wakitembea mmoja mbele mmoja nyuma. Mzee alipita maduka ya vipuri, akapita vibanda vya mafundi cherehani, akapita benki, bila kutazama kulia wala kushoto. Binti alimfuata huku njaa ikimsokota, na moyoni akipiga hesabu isiyokuwa na jibu. Baba akiacha, mashine itauzwa. Asipoacha, masikio yatakwisha. Na yeye aliyekuwa ameyajua mawe yale tangu utotoni hakuwa hata mtu wa kuulizwa.

Kwenye kona ya barabara nyembamba, mzee akasimama ghafla. Pua zikamtanuka.

"Mahindi," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu hospitali.

Ulikuwa mkahawa. Juu ya mlango walikuwa wamechora hindi lenye macho, limevaa kofia pana kuliko lenyewe, na chini yake wameandika: CHAKULA CHA MEKSIKO, BEI YA KILA MTU. Binti alisoma ubao wa bei akiwa bado nje, kwa tahadhari ya mtu aliyewahi kuumbuka, akaona kweli ni bei za watu wa kawaida. Ndani walijaa mafundi magari wenye mikono myeusi, wanafunzi wa chuo, muuguzi aliyekuwa akila amevaa sare. Ukitaka kujua kama mahali pana chakula kizuri cha bei nafuu, tazama kama mafundi magari wamekaa au wamesimama. Hapa walikaa, tena kwa kujiachia.

Meza iliyobaki ilikuwa moja, imeegemea ukuta mfupi uliotenganisha ukumbi na jiko. Binti akaanza kumsomea baba yake orodha ya vyakula kwa sauti. Kulikuwa na neno moja pale, 'taco', lisomwalo kama kiungo cha kukalia, ambalo alilipita kimya kimya, kwa kuwa mtu mwenye adabu zake halitamki mbele ya baba yake mzazi. Mhudumu akaelewa shida yake mara moja, bila shaka hakuwa wa kwanza.

"Sema tu chapati ndogo za mahindi, zenye maharage na nyama," mhudumu alisema akizuia kicheko. "Sisi hapa tumeshazoea."

Wakaagiza hizo. Bwana Unga aliweka viganja vyake mezani, akaanza kuangalia watu wanavyokula. Na hapo hapo, upande wa pili wa ukuta mfupi, mtu akawasha mashine.

Uso wa mzee ulibadilika. Alibonyeza viganja mezani kwa nguvu, kichwa kikainama. Meza ilikuwa ikitetemeka, na mtetemo ule aliujua vizuri kuliko anavyoujua mkono wake. Ulikuwa mzito, wa kukokota, wa mawe yaliyoshiba kitu kisichotakiwa kuwemo.

"Wametia mahindi yenye maji," akasema.

Binti naye alikuwa ameshasikia. "Ndiyo, kitu kimelowa. Lakini haikwami, baba. Sikiliza, mota imetulia kabisa."

"Unajua nini wewe? Wanaua mawe hao!"

Kabla binti hajamshika, Bwana Unga alikwisha inuka, akasukuma mlango mdogo wa jikoni, akawapita wapishi wawili waliobaki wameduwaa na vijiko mkononi, akaiona mashine kwenye pembe, ndogo, ya mawe, dada mdogo kabisa wa ile ya kwake, akatafuta kitufe chekundu, akakibonyeza. Mawe yakazunguka kwa uvivu, yakasimama. Jiko zima likanyamaza. Ukumbini mafundi magari wakageuka wote kwa pamoja. Binti alisimama mlangoni, akatamani ardhi ipasuke imhifadhi.

Kutoka nyuma akatokea mwanamke wa makamo, nywele amezifunga kwa kitambaa, mikono imelowa mpaka viwikoni. Ndiye aliyekuwa mwenye mkahawa. Alizaliwa Meksiko, akaolewa huku, akazeeka huku, na Kiswahili alikizungumza polepole lakini hakikumpa shida.

"Mzee wangu, vipi?" akauliza.

"Mahindi yenu yana maji!" Bwana Unga alipaza sauti, kama wasiosikia wapazavyo.

"Ndiyo, yana maji," mwanamke akajibu. "Nimeyaloweka mwenyewe."

Yule mama hakuwa mtu wa hasira, na nadhani alikwisha ziona zile kope. Alimshika mzee mkono akampeleka kwenye ndoo, akamfunulia. Ndani mahindi yalikuwa yamevimba, yanang'aa, yamevuliwa maganda. Akamweleza karibu na sikio kwamba mahindi haya huchemshwa na chokaa, hulazwa humo humo mpaka asubuhi, huoshwa, kisha husagwa yakiwa yamelowa hivyo hivyo, na kwamba kwao yamesagwa hivyo tangu enzi za mabibi wa mabibi.

"Chokaa?" Bwana Unga aliuliza. "Ya kupaka nyumba?"

"Ya kula. Ndugu yake huyo wa nyumba."

Mzee alichota mahindi machache, akayafinya kati ya kidole gumba na cha shahada, jinsi anavyopima unga siku zote. Yakapondeka. Aliyatazama kwa muda mrefu. Maisha yake yote alikuwa amewafukuza watu wenye mahindi kama haya, wengine huku akiyaona machozi yao, na sasa alikuwa amesimama mbele ya mtu anayeyalowesha kwa makusudi.

"Nisamehe, mama," akasema. "Mimi ni msagaji. Nimezima kwa mazoea."

"Nimekusamehe. Lakini sasa kuna kazi." Mwenye mkahawa aliionyesha mashine kwa kidevu. "Imezimwa tumbo limejaa, na kijana wa mashine ametoka kununua mkanda. Nikiiwasha hivi hivi, mota itaungua."

"Aliyeizima ataiwasha," Bwana Unga akasema, kifua kikarudi mahali pake.

Akalilegeza gurudumu, mawe yakaachana. Hapo alifanya sawasawa kabisa, hakuna msagaji ambaye angemkosoa. Akaashiria, mwenye mkahawa akabonyeza kitufe, mawe yakaanza kuzunguka na kutema mapande makubwa makubwa. Sasa ilibaki kukaza taratibu, mpaka mawe yafike mahali pake, pale ambapo yakisogea unywele mmoja zaidi yataungua. Mahali pale hapana alama. Hupatikana kwa kusikiliza.

Bwana Unga akakaza. Akavua kiatu kimoja kwa kukikanyaga na kingine, akaweka unyayo sakafuni. Sakafu ya jiko lile ilikuwa ikitetemeka kwa majokofu, kwa feni, kwa mtungi wa gesi uliokuwa ukiburutwa, kwa kila kitu. Unyayo haukumwambia lolote. Akakaza tena kidogo. Jasho likamtoka.

"Baba, hapo!" binti alisema kutoka mlangoni.

Mzee akakaza.

"Baba, basi! Yanagusana!"

Mwenye mkahawa akainua mkono. Harufu ya kuungua ilikuwa ndiyo inaanza, nyembamba. Binti akaruka ndani, akaushika mkono wa shati la baba yake, akauvuta kwa nguvu. Bwana Unga aligeuka. Aliona midomo ya binti yake ikicheza, akaona macho yake yalivyotoka, akatazama mkono wake mwenyewe juu ya gurudumu. Hakuwahi kuuogopa mkono ule kama alivyouogopa wakati huo. Akauondoa.

"Shika," akasema.

"Mimi?"

"Shika, mama, utaua mawe ya watu!"

Binti akashika. Akalegeza kwanza, harufu ikakatika. Kisha akainamisha kichwa upande, akabana pumzi, akaanza kukaza kwa ncha za vidole, akisimama, akingoja, akikaza tena. Mapande yakawa punje, punje zikawa chenga, na mara chenga zikatoweka na mashine ikaanza kutoa kitu ambacho Bwana Unga hakuwahi kukiona tangu azaliwe. Ulikuwa unga uliolowa, laini, wa rangi ya siagi, ukishuka taratibu kwenye beseni bila hata chembe ya vumbi. Binti aliondoa mkono kwenye gurudumu, akarudi nyuma hatua moja.

Mzee aliinama juu ya beseni. Akachukua kidogo, akasugua kwa kidole gumba, akaweka ulimini. Ulinukia udongo uliopata mvua ya kwanza.

"Mungu wangu," akasema polepole. "Ni mahindi haya haya?"

"Haya haya," alijibu mwenye mkahawa.

Mpishi mmoja akatwaa tonge, akalibana kati ya vibao viwili, likawa duara jembamba, akalirusha juu ya bati la moto. Akaligeuza mara moja, mara ya pili, na lile duara likavimba lenyewe kama lililovuta pumzi. Bwana Unga alirudi nyuma.

"Mmetia hamira!"

"Hakuna hamira, mzee."

"Mafuta?"

"Hakuna mafuta. Mahindi, maji na chokaa."

Walirudishwa mezani kwao kama wageni wa heshima, na mafundi magari wakawapisha njia. Chakula kikaja: chapati zile ndogo, za moto, zimekunjwa juu ya maharage na nyama, zimenyunyiziwa kitunguu na ndimu, na pilipili kando kwenye kibakuli kwa ajili ya mashujaa. Lakini Bwana Unga aliomba kwanza moja isiyo na kitu ndani. Alitaka mahindi peke yake. Aliikata, akaitafuna akiwa amefumba macho, na zile kope nyeupe zikatulia mashavuni.

Alistaajabu. Sina namna nyingine ya kulisema hilo. Mtu huyu alikuwa ameshika mahindi kila siku ya kazi ya maisha yake, ameyapima, ameyapepeta, ameyavuta mapafuni, ameyafuta machoni, na aliamini kwamba hakuna jambo lolote la mahindi lililobaki bila yeye kulijua. Sasa ilikuwa kama amekaa na jirani mmoja miaka yote, halafu leo ndiyo kwanza amemsikia akiimba. Hakuona haya. Alijaa furaha, furaha kubwa isiyo na mpango, na akala ya pili, na ya tatu akaijaza maharage na nyama na pilipili mpaka machozi yakamtoka, akamwambia binti kuwa ni pilipili.

Mwenye mkahawa akaja kukaa nao, akileta vikombe vya uji wa unga ule ule, mtamu, wenye mdalasini. Akawasimulia kwao. Kila mtaa una mashine, alisema. Alfajiri wanawake hupanga foleni na ndoo za mahindi yaliyolowa, na msagaji husimama pale amelowa mpaka viwikoni.

"Hana vumbi?" Bwana Unga akauliza.

"Vumbi litoke wapi?"

"Na kope zake?"

Mwenye mkahawa alimtazama, akatabasamu. "Nyeusi."

"Nyeusi!" Mzee alimgeukia binti. "Umesikia? Msagaji mzima, kope nyeusi!" Akafikiri kidogo. "Na mtu akimletea mahindi makavu?"

"Anamfukuza."

Bwana Unga akapiga meza kwa kiganja, akacheka mpaka akakohoa. "Anamfukuza! Bila shaka na ukutani kaandika!" Alijiona na mwenzake huyo, wamesimama kila mmoja upande wake wa dunia, kila mmoja akiwafokea wateja wa mwenzake, na jambo hilo lilimpendeza kupita kiasi. Akafuta macho. Kisha, kana kwamba ni swali la njiani tu, akauliza, "Na masikio yao je?"

"Baba yangu mdogo ndiye aliyekuwa akisaga mtaani kwetu," mwanamke alisema. "Sisi watoto tulikuwa tukimwita kwa kumvuta shati."

Akaitwa jikoni, akaondoka. Kijana wa mashine alikuwa amerudi na mkanda wake. Nyuma ya ukuta mfupi mashine ikawashwa upya, na juu ya meza uji ukaanza kutikisika ndani ya vikombe. Bwana Unga alilaza kiganja mezani. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Mama."

"Naam, baba."

"Mimi leo sikuisikia ile mashine. Niliishika. Hapa hapa." Akagonga meza kwa kidole.

Binti alikiangalia kile kiganja. Kisha akainama, akatazama chini ya meza, ambako baba yake alikuwa amevua tena viatu vyote viwili.

"Na ya nyumbani?" akauliza, akiisogeza midomo ili kionekane anachosema.

"Ya nyumbani pia. Kwa nyayo. Siku nyingi sasa."

"Kwa nini hukuniambia? Mimi nilidhani huniamini."

"Nikuamini? Wewe unasikia kuliko mjomba wangu, Mungu amrehemu. Nimejua tangu ukiwa mdogo." Mzee aliisukuma sahani, akairudisha. "Ningekupa gurudumu, ungesimama pale ungeniuliza, 'Baba, umesikia hapo?' Ningekujibu nini?"

Miaka yote ya ufagio ilimpanda kifuani, hasira yake na huruma yake vikachanganyika asijue kipi ni kipi, na machozi yakamshuka mbele ya mafundi magari bila yeye kuyazuia. Baba yake hakumbembeleza. Alisubiri.

"Sasa niambie," akasema. "Inaliaje?"

Binti alijifuta kwa kiganja cha mkono, akasikiliza. "Inalia chini chini. Yetu inakwaruza, hii inatafuna. Wamemimina mengine, imekuwa nzito. Sasa inarudi. Jiwe linalozunguka limelika sehemu moja, kila likifika hapo sauti inashuka kidogo, halafu inapanda."

Kiganja cha mzee kilikuwa kikiambiwa hayo hayo. Akatikisa kichwa kila sauti iliposhuka.

"Na yetu?" akauliza. "Yetu siku hizi inaliaje?"

"Yetu inapiga mluzi, baba. Asubuhi, kabla haijapata moto. Mluzi mwembamba, juu kabisa."

"Tangu lini?"

"Ina muda."

Mluzi ule Bwana Unga hakuwahi kukutana nao. Kisha akachukua chapati ya mwisho, akaikata katikati, akamwekea binti yake kipande kikubwa.

"Kesho mimi nitakuwa nje, kwenye benchi la wateja," akasema. "Ukiiwasha, toka uje uniambie kama bado inapiga mluzi."